Milele ya Miaka Miwili: Dhahabu ya Kakamega na Karatasi ya Kabianga

 Msikilizaji, wiki iliyopita katika kipindi hiki cha historia niliahidi kwamba leo tungepanda treni hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo wewe unaijua kwa jina la Kipkelion. Treni itangoja. Kuna ujumbe umeingia kutoka Kabianga, na tangu niusome sijatulia.

Aliyeuandika ni mkulima wa majani chai. Anasema ameona karatasi imebandikwa ukutani kwa ofisi ya chifu, wino umeanza kutiririka kwa mvua. Inawaalika wananchi watoe maoni kuhusu mswada wa fedha wa kaunti, ile sheria ya ada na ushuru. Ukumbi umetajwa, siku imetajwa, saa nne asubuhi. Naye anauliza hivi: tukienda tukasema, kuna mtu analazimika kutusikiliza, ama tunaitwa kunywa soda tu?

Sitakurudisha darasani. Katiba ya 2010 unaijua. Kifungu cha 10 kimeweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, cha 118 kinalibana Bunge, cha 196 kinalibana bunge la kaunti. Umeyasikia katika kila baraza mpaka umeyachoka. Lakini wengi wetu tunadhani mambo haya yalizaliwa 2010. Wapi! Serikali ya nchi hii iliwahi kuandika katika sheria, peupe, kwamba haitaondoa ardhi ya Mwafrika kutoka rizavu kabla ya kulifahamisha baraza lake. Iliandika hivyo mwaka 1930, mkoloni akiwa kitini. Sasa sogeza kiti, kwa maana hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote za miaka ile, na wanaonijua wamekwisha kunisikia nikiisimulia harusini.

Sheria yenyewe ilikuwa ya kulinda ardhi za wenyeji. Ilitamka kwamba rizavu ni mali ya matumizi ya makabila ya wenyeji milele. Neno lenyewe ndilo hilo, milele. Na serikali ikihitaji kipande kwa shughuli ya umma, ilipaswa kwanza kulipelekea habari Baraza la Wenyeji la wilaya, yale mabaraza yaliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1920, ili wenye ardhi wapate nafasi ya kusema. Kisha kipande cha ukubwa uleule kiongezwe kwenye rizavu. Ekari kwa ekari, hakuna kulipana kwa maneno.

Haya. Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikaonekana Kakamega. Aliyeiona ni mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson. Kumbuka hali ilivyokuwa: bei ya mahindi imeanguka dunia nzima, nzige wamekula kilichobaki, mlowezi wa Uasin Gishu anadaiwa na benki. Ghafla anasikia kuna dhahabu kule. Mamia ya Wazungu wakabeba sururu na makarai wakaenda kuchimba mitaro katikati ya mashamba ya watu. Na mashamba hayo yalikuwa ndani ya rizavu, ardhi ileile iliyoahidiwa kuwa ya wenyeji milele. Tena usidhani ni habari ya mbali. Enzi hizo Kakamega na Kericho zilikuwa mkoa mmoja, Nyanza. Kilichowapata wale kingeweza kumpata mtu wa Belgut kesho yake.

Sheria imesimama mlangoni, imekunja mikono. Ukitaka kutenga ardhi ya mgodi, liambie baraza, usikilize, utafute ekari nyingine ulipe. Serikali ilifanya nini? Desemba 1932, Krismasi ikibisha hodi, ilikwenda katika Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi, baraza ambalo halikuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake, wa kwanza angekuja 1944, naye ni Eliud Mathu. Ikairekebisha sheria yake yenyewe. Kwa ardhi ya madini, ile ekari kwa ekari ikafutwa, fidia ikawa pesa. Na ile kazi ya kulifahamisha Baraza la Wenyeji kwanza ikafutwa pia.

Umenisikia? Kutoka 1930 hadi 1932. Milele ilidumu miaka miwili! Kila nikifika hapa huwa narudia: milele ilidumu miaka miwili.

Kelele zilipigwa mpaka London. Na aliyepaza sauti katika Nyumba ya Malordi, utacheka, ni Lugard. Ndiyo, Lugard huyuhuyu aliyepiga vita Uganda na kutawala Nigeria kwa niaba ya dola, leo anasimama kusema kwamba neno la serikali limevunjwa. Mtu akifanya jambo la kumshtua Lugard, ujue amevuka mpaka. Lakini wachimbaji waliendelea kuchimba.

Subiri, mtayarishaji wangu ananionyesha simu. Kuna mama yuko kwenye laini, anapiga kutoka upande wa Bomet... Ndiyo, mama, tunakusikia... Sawa. Sawa kabisa. Asante, mama, nimekupata. Kwa wale ambao redio ilikuwa inakwaruza, mama anasema dhahabu si yake, yake ni chai, nimwambie habari za kanuni za chai. Anasema pia siku za kutoa maoni huwekwa asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya kuchuma. Hebu mwaka 1932 usimame kidogo, tumjibu mama.

Mama, turudi Aprili 2020. Waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, anatoa rasimu ya kanuni za sekta ya chai. Mambo mazito: jinsi chai itakavyouzwa, iende mnadani Mombasa badala ya mikataba ya pembeni, jinsi mkulima atakavyolipwa, nani amsimamie nani. Mkulima mdogo aliyapigia kelele mambo hayo miaka mingi. Lakini tazama tarehe. Mwezi mmoja kabla, korona imeingia nchini na mikusanyiko imepigwa marufuku. Baraza haliitishwi. Kwa hiyo maoni yanaombwa wakati ambao mahali tulipozoea kuyatolea pamefungwa. Mwenye wakili, mwenye kompyuta na mwenye chama kikubwa cha wafanyabiashara aliandika kurasa zake akapeleka. Mwenye kikapu alisikia habari kituoni, akiwa kwenye foleni ya kupima majani.

Kanuni zile nilizipenda, sehemu kubwa. Nimesema na sirudi nyuma. Lakini kitu kizuri kikipitishwa kwa njia nyembamba, anayekipinga anapata pa kukishikia. Wakati huohuo kulikuwa na mswada wa chai uliokuwa Seneti tangu 2018, wa seneta wa Kericho, Aaron Cheruiyot. Huo ulichukua njia ndefu ya mabunge yote mawili na ukatiwa saini Desemba 2020, ukairudisha Bodi ya Chai ya Kenya. Uchelewaji ulikuwa na faida yake, mama, ingawa mwenye kungoja bonasi hapendi kusikia hivyo.

Na kuhusu saa ya kuchuma, una haki. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kuchuma majani ni mkutano wa wastaafu na wagombea. Hilo nitalirudia kabla sijaondoka.

Sasa nimalizie 1932, maana sehemu ya ajabu zaidi bado. Wakati sheria ile inakatwa miguu Nairobi, unajua nani alikuwa kazini? Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Carter, iliyoundwa mwaka huohuo wa 1932 kukusanya nini? Maoni! Mwenyekiti Sir Morris Carter, jaji. Pamoja naye Hemsted, aliyekuwa mkuu wa mkoa, na Wilson, mlowezi. Watatu, Wazungu watupu. Jomo Kenyatta, akiwa London, naye alipeleka maneno yake. Machifu, wazee, wamisionari, walowezi, wote walisema, na yote yakapigwa chapa: juzuu tatu za ushahidi na nyaraka, nene kama matofali.

Hapa kwetu swali la ardhi lilikuwa bichi. Mnamo 1919 ekari 25,000 za Kericho zilitolewa kwa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, walime kitani. Kitani kikawashinda. Katikati ya miaka ya 1920 mashamba yakawa ya makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, na vilima unavyoviona leo vikavaa kijani. Ripoti ya Carter ilipotoka 1934, mipaka ya Nyanda za Wazungu ikakazwa na chai ikabaki kwa wenye chai. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa, kwenye joto na malale. Hao hakuna aliyewaitia ukumbi.

Basi maoni ya watu yalikwenda wapi? Yalichapishwa, yakahifadhiwa, yakapuuzwa. Lakini sikiliza, hayakupotea. Hakuna mwanahistoria anayeandika habari za ardhi ya Kenya leo bila kufungua juzuu zile tatu. Aliyelalamika kando ya barabara maneno yake yalikwenda na upepo, aliyeandikiwa bado anatajwa. Shikilia hilo, nitalihitaji.

Sasa ruka nami hadi 2014, maana swali la Kabianga linadai jibu. Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha ya 2013, ada kila upande. Wananchi wakaenda mahakamani, kesi ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya gavana. Aprili 2014, Jaji George Odunga akaibatilisha sheria nzima. Sababu? Wananchi hawakushirikishwa inavyopaswa. Jaji alisema haitoshi kurusha ujumbe Twitter ukawaacha watu wauokoteze wenyewe. Na kwa sheria ya kodi na ada, alisema, wajibu huo ni mzito zaidi. Kaunti iwatafute watu makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, na, nisikilize vizuri, kwenye redio, zikiwemo redio za lugha za mama.

Jaji alitaja redio! Mimi siku niliyousoma uamuzi huo nilitaka kuubandika hapa studioni juu ya saa. Redio imo ndani ya hukumu ya Mahakama Kuu, ndugu zangu. Kwa hiyo ukisikia tangazo la kaunti hapa katikati ya nyimbo, usidhani ni hisani.

Hiyo ndiyo tofauti na 1932. Mwaka ule mtu wa Kakamega hakuwa na mlango wa kubisha. Waliopiga kelele walikuwa malordi ng'ambo. Sasa mwenye duka anaweza kuiangusha sheria. Hata kanuni za waziri zimefungwa kamba: sheria ya 2013 kuhusu kanuni inamtaka ashauriane na watakaoguswa, na azipeleke Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuzichapisha, la sivyo zinakufa zenyewe.

Lakini sitakudanganya. Novemba 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kushirikisha watu kuwe kwa kweli, watu wapewe habari na muda wa kutosha, ila si lazima kila mtu asikilizwe mmoja mmoja, na kusikilizwa si kukubaliwa. Kisha likaja suala la Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama ya Rufaa iliiangusha Julai 2024, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge halikutoa sababu za kukubali au kukataa maoni ya watu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, sheria ikafufuka. Kabla ya hukumu hizo mbili, Juni 2024, vijana walikuwa wameujibu mswada mwingine wa fedha kwa miguu yao, kwa maandamano, na unajua gharama yake.

Kwa hiyo, mkulima wangu wa Kabianga, jibu langu ni hili: wanalazimika kukuita, wanalazimika kukupa habari na muda, wanalazimika kukusikia. Kukujibu ndipo penye shimo, na mimi nadhani ndilo shimo lilelile la Carter. Mpaka litakapozibwa, fanya walichofanya watu wa juzuu zile tatu: usiseme tu, andika.

Usingoje siku ya ukumbi. Mswada uko kwa karani wa bunge la kaunti mjini Kericho, na Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Tafuta kipengele kinachokugusa. Ukiandika "ushuru uko juu", hakuna wa kukuelewa. Taja namba ya kipengele, sema kinavyokuumiza, sema ungetaka kisomeke vipi. Kiswahili kinakubalika, ni lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Kama mkutano umewekwa asubuhi ya kuchuma, liandike hilo liwe la kwanza, ombeni saa nyingine, na mtie saini wengi mliopo kituoni.

Peleka nakala mbili. Moja waachie, ya pili ipigwe muhuri wa tarehe, urudi nayo nyumbani uitunze.