Kuchagua Stendi ya Kamera Yenye Lenzi Nzito

Ndugu walaji wa Mtwara, Mikindani na Msimbati,

Miongoni mwenu wamo wanaopiga picha za mpira katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona, na wengine hupiga picha za ndege katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kazi zote mbili zahitaji lenzi ndefu, nayo lenzi ndefu ni nzito. Lenzi ya milimita 600 huweza kufikia kilo 3, na bei yake ikaizidi ya pikipiki mpya. Hata hivyo, wengi huikabidhi kwa stendi iliyochaguliwa kwa kutazama namba moja tu iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo haitoshi.

Kwanza, stendi ni vitu viwili: miguu na kichwa. Kila kimoja kina uwezo wake, na uwezo wa chombo kizima ni ule wa sehemu iliyo dhaifu. Kichwa cha kilo 10 kikifungwa juu ya miguu ya kilo 5, ulichonunua ni stendi ya kilo 5. Pima kamera yako pamoja na lenzi iliyo nzito kuliko zote, kisha tafuta uwezo usiopungua mara mbili ya uzito huo. Kamera ya kilo 1 na lenzi ya kilo 3 zahitaji miguu ya kilo 8 na kichwa cha kilo 8, au zaidi.

Pili, tazama aina ya kichwa. Kichwa cha tufe hufaa lenzi fupi. Ukikilegeza chini ya lenzi ndefu, lenzi huinama ghafla na huweza kuiangusha stendi nzima. Kichwa cha gimbali huishika lenzi penye mizania yake, hata ukiiachia hubaki ulipoielekeza. Lenzi nzito ifungwe kwa mguu wake yenyewe, si kwa kitako cha kamera.

Tatu, chunguza miguu. Miguu minene yenye vipande vichache hutikisika kidogo. Chagua inayofika usawa wa macho bila kuinua nguzo ya katikati, kwa maana nguzo iliyoinuliwa hutikiswa upesi na upepo wa kusi. Wanaofanya kazi ufukweni wachague vifungo vinavyofunguka kwa urahisi, wavisuuze kwa maji yasiyo na chumvi na kuvikausha kila warudipo.

Dukani, nenda na kamera yako. Ifunge, refusha miguu yote, kisha, mkono mmoja ukiwa tayari kuidaka, igonge lenzi taratibu kwa kidole huku ukitazama kioo cha kamera. Taswira ikiendelea kutikisika kwa muda, stendi hiyo haikufai. Muuzaji akikataa jaribio hilo, una sababu ya kutafuta duka jingine.

Mweleze muuzaji kazi unayokusudia na uzito wa vifaa vyako. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyetaja matumizi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji ana haki, kwa kawaida, ya kupata bidhaa inayofaa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Omba jina la modeli na uwezo wa kubeba viandikwe kwenye risiti, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Stendi ikishindwa kubeba ulichoahidiwa, acha kuitumia, ipige picha, tunza boksi na risiti, kisha umrudie muuzaji mapema. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo.