Sufuria Moja, Kikapu Kimoja

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi wa Kabazi)



Leo tutazungumza juu ya githeri. Tunaona wengine wanacheka: nani hapa Kabazi hajui kupika githeri? Kujua mnajua. Lakini tukitembelea nyumba tunakuta maharagwe yamo kwenye gunia, na jioni watoto wanakula ugali na maji ya kabichi, ama mkate na chai. Ukiuliza, unaambiwa maharagwe yanamaliza kuni.

Jambo hili si geni. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alieleza jinsi watoto wa sehemu za kati za Kenya walivyopatikana na utapiamlo ingawa mashamba yalikuwa na rutuba. Kuni zilikuwa zimeadimika, na akina mama walikuwa wameacha vyakula vinavyochelewa kuiva wakachukua vya haraka. Basi utapiamlo waweza kuanzia kwenye mzigo wa kuni. Na mzigo huo unabebwa na nani? Mama, na msichana ambaye saa hiyo angekuwa anasoma.

Kwa hiyo hatukuja kuwaongezea kazi. Twataka ipungue.

Usiku, kabla ya kulala, lowekeni mahindi na maharagwe katika maji mengi. Vipimo viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharagwe vinatosha. Vikiliwa pamoja vinajenga mwili kuliko kimoja peke yake. Akina baba, hata ninyi mwaweza kuloweka, mkono haukatiki! Asubuhi mwageni maji hayo, wekeni mapya. Magadi acheni. Ni kweli yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B ya maharagwe.

Kabla ya kuteleka, pakeni sufuria majivu yaliyokorogwa na maji, upande wa nje tu. Masizi yatashika majivu, na jioni yataoshwa na maji bila kusugua mpaka vidole viume.

Sasa kikapu. Tafuteni kikapu kikubwa kuliko sufuria. Ndani tandikeni blanketi kuukuu, sweta zilizochakaa au majani makavu ya ndizi, chini na pande zote, mpaka sufuria ikae kama yai kwenye kiota. Shoneni mto wa kufunika juu. Githeri iliyolowekwa ichemke kwa nguvu, na kifuniko juu, karibu saa moja. Maharagwe peke yake nusu saa. Kisha itoeni motoni ikiwa bado inatokota, iingie kikapuni mara moja, mfunike. Nendeni shambani ama mkutanoni. Baada ya saa nne hivi itakuwa imeiva bila ukuni mwingine, wala haiwezi kuungua chini. Kufunuafunua hapana, moto unatoroka.

Hapa tusikilizane vizuri. Maharagwe mekundu yana sumu yake, na yasipochemka kwa nguvu angalau dakika 10 yanaleta kutapika na kuhara. Kikapu peke yake hakiondoi sumu hiyo. Mchemsho wa kwanza ni lazima, hata kama mmechelewa. Tena chakula kisilale kikapuni mpaka asubuhi, maana kikiwa vuguvugu kinaharibika. Kichemsheni tena kidogo kabla ya kula.

Wakati huo wa kuchemsha tena ndipo mnatia kitunguu, nyanya, chumvi, mafuta kidogo, na mboga zilizokatwa: managu, terere, majani ya malenge, sukuma wiki. Nyanya zikitangulia, maharagwe yanakataa kulainika. Dakika chache tu, mboga zisiwe nyeusi. Hakuna sufuria ya pili ya kuosha. Mwenye viazi aviongeze hapo mapema kidogo, aponde, awe na mukimo.

Na chai? Tunajua Kabazi bila chai hakuna mkutano. Lakini chai pamoja na chakula inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga. Mama mjamzito hasa, na angoje kama saa moja. Chungwa au ndimu kando ya sahani ingemfaa zaidi.

Mkutano ujao tutapika pamoja. Kila kikundi kilete kikapu kimoja, matambara, na sufuria yenye kifuniko kinachobana. Maharagwe yatoke nyumbani yakiwa yamelowekwa tayari.