Tembe Anapotaka Kuatamia: Tumpe Mayai au Tumzuie?

(Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima)



Leo nataka tuzungumze habari za tembe, yaani kuku jike kijana, anapomaliza kutaga kwa mara ya kwanza. Ameingia kiotani na hataki kutoka. Ukimkaribia hutimua manyoya, hunguruma na kukudonoa mkono. Mwenye kuku hufurahi, akamwekea mayai yote aliyo nayo. Ngoja kwanza.

Nami nilifanya hivyo zamani, kabla sijasomea kazi hii. Nilimpa tembe wangu mweusi mayai 13, mengine nimeyanunua kwa jirani mwenye jogoo mkubwa. Siku ya 17 alitoka kwenda kula, asirudi. Asubuhi nilimwona akishuka mtini pamoja na wenzake, na mayai yamekuwa baridi kama mawe. Nilipoyapasua nilikuta vifaranga wenye manyoya, wote wamekufa. Mayai yale yangetosha kununua chumvi na sabuni ya nyumba yangu. Sikupata mayai wala vifaranga. Kosa halikuwa la tembe. Nilimpa kazi ya siku 21 bila kumjaribu hata siku 3.

Basi, kabla hujampa mayai, jiulize mambo haya.

Kwanza, je, ana afya na mwili wa kutosha? Kuku anayeatamia hula kidogo na hukonda. Shika kifua chake. Ukiona mfupa umechomoza kama kisu, huyo hafai safari hii. Tazama pia chini ya mbawa. Akiwa na utitiri atateseka, na huenda akayaacha mayai.

Pili, je, vifaranga watatoka wakati gani? Hesabu siku 21 tangu siku ya kumpa mayai. Ikiwa wataanguliwa katikati ya mvua kubwa, nawe huna mahali pakavu pa kuwaweka, wengi watakufa kwa baridi.

Tatu, je, mayai yenyewe yanafaa? Yawe ya kuku wanaokaa na jogoo, masafi, yasiyo na ufa, yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa. Mayai ya mwanzo ya tembe huwa madogo, na vifaranga wake huwa wadogo pia. Hayo kula au uza, umtafutie mayai ya kuku wakubwa.

Ukiridhika, mjaribu. Toa mayai ya kweli kiotani, uyaweke mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Mwekee vijiwe laini 3 vyenye ukubwa wa yai. Mwangalie kwa siku 3. Usiku nenda umpapase: je, yupo, na kifua chake kina joto? Mchana akitoka kula, je, anarudi mwenyewe upesi, au anazurura na wenzake? Akilala kiotani usiku zote 3, na kila akitoka hurudi katika muda wa nusu saa, huyo anafaa kujaribiwa kwa mayai.

Hata hivyo usimpe mayai 13. Mpe 6 hadi 8, kadiri ya mwili wake, yote yafunikwe na manyoya. Yai linalochungulia nje hupoa. Kesho yake kuku hulisogeza ndani, likapoa jingine. Hivyo mayai mengi huweza kukupa vifaranga wachache.

Mwekee mayai hayo usiku. Yatie alama ya mkaa, ili wenzake wakitaga humo uyajue mayai mageni na kuyatoa. Kiota kiwe mahali pa giza kidogo, na nyasi kavu. Maji na nafaka viwe karibu. Usiku wa siku ya 7, mulika kila yai kwa tochi ndani ya chumba chenye giza. Ukiona mishipa myembamba ya damu, yai lina kifaranga. Likiwa jeupe tupu, liondoe.

Na akishindwa jaribio? Usimwache akalie kiota kitupu. Atakaa wiki nyingi, hatagi, anakonda tu. Mtie katika tenga lililoinuliwa kutoka chini, lisilo na nyasi, ili upepo upite chini ya tumbo lake. Mpe chakula na maji kila siku. Usimtumbukize majini wala kumfunga kwa njaa kama wengine wafanyavyo. Mara nyingi siku 3 hadi 5 hutosha, na baadaye atarudia kutaga. Mayai mazuri mpe kuku mkubwa aliyezoea kulea, ikiwa yuko anayetaka kuatamia.

Labda mwenzangu atauliza: je, tembe akishindwa leo, ndiyo basi? La. Wengi wanaoshindwa mara ya kwanza huwa walezi wazuri mara ya pili. Mpe nafasi tena akimaliza kutaga mayai yajayo.

Ndugu zangu, vifaranga 5 walio hai ni bora kuliko mayai 13 yaliyooza. Jioni ya leo, kabla hujafunga banda, nenda ukamshike kifua tembe wako.