Maua Kwanza, Mizinga Baadaye
Maneno tuliyosema mbele ya familia za Kibati



Tuanze na kosa letu. Tulileta mizinga kabla ya kuangalia maua. Nyuki waliingia wenyewe wakati mahindi yakichanua, kila mtu akafurahi. Mahindi yalipovunwa, mizinga ikabaki tupu. Wenyeji wakasema wakimbizi wamerina asali usiku. Wakimbizi wakasema wametukanwa. Nusura watu wapigane. Tulipoifungua mbele ya wazee wa pande zote mbili, tukakuta masega makavu, hayajaguswa na kisu. Hakuna aliyeiba. Nyuki walihama kwa njaa.

Nyuki anahitaji vitu viwili. Maji matamu ya maua ndiyo anayogeuza kuwa asali. Chavua, ule unga wa maua anaoubeba miguuni, ndiyo chakula cha kulea watoto wake. Mahindi humpa chavua tu, tena kwa muda mfupi.

Hapa kwetu mvua hainyimi, lakini maji hupotea ndani ya mawe. Pale ilipopita lava ya mwaka 2002 na ya 2021, kwa nyuki ni kama jangwa. Miti nayo iliisha kwa kuni na makala. Mnakumbuka mwaka 2008, maelfu walipolala hapa Kibati katika vibanda vya majani na hema. Hatumlaumu mama aliyetafuta kuni za kupikia watoto.

Basi tupande nini? Maboga, kwenye nyufa zenye udongo: maua yake yana chavua nyingi, na majani yake ni mboga. Avoka pia. Alizeti mwitu, yale maua ya njano ya kando ya barabara, tusiyafyeke yote kwa mara moja. Mkaratusi nyuki wanaupenda, ila mara nyingi tunaukata kwa makala kabla haujatoa maua. La muhimu ni mimea ichanue kwa zamu, isiwe yote mwezi mmoja.

Sasa neno gumu. Mkimbizi hana shamba, na mwenye shamba anaogopa kwamba aliyepanda mti kesho atadai ardhi. Woga huo una sababu, sisi sote tunajua kesi zilizoanza hivyo. Kwa hiyo tunapendekeza: mgeni apande mimea ya msimu, mwenye ardhi apande miti, mzinga uwe wa wote wawili, na asali igawanywe mbele ya mashahidi. Tena iandikwe. Mwanzoni mwa 2025, kambi za kuzunguka Goma zilipoondolewa, wengi walirudi kwao ghafla. Karatasi iseme fungu la anayeondoka atalipokea nani.

Tunaomba wenyeji wawili na wakimbizi wawili, kila upande na mama mmoja, wabaki baada ya mkutano. Tutakwenda pamoja pale mizinga ilipokuwa, tuhesabu ni maua gani yaliyopo.