Siena, Mji Uliopamba Madaftari Yake ya Fedha



Katika mji wa Siena, ulioko katika jimbo la Toscana nchini Italia, kuna chumba ambacho wageni wengi hawakifikii. Wageni hao hufika kwa maelfu kila mwaka. Hutazama uwanja mkuu, hupanda mnara, hununua vyakula vitamu, kisha huondoka. Chumba chenyewe kimo katika jumba la Piccolomini, mahali panapohifadhiwa nyaraka za serikali. Humo zimepangwa mbao zaidi ya mia moja zilizopakwa rangi na dhahabu kwa ustadi mkubwa. Mtu asiyejua atadhani zilitoka kanisani. La, mbao za kale zaidi kati yake zilikuwa majalada ya madaftari ya mapato na matumizi ya mji.

Ofisi ya fedha ya Siena iliitwa Biccherna. Iliongozwa na mweka hazina, ambaye jina la cheo chake lilikuwa camarlengo, pamoja na wasimamizi wanne. Wote walikaa madarakani miezi sita tu, kisha wakawapisha wengine. Muda wao ulipokwisha, hesabu zao zilijalidiwa kwa mbao, na mchoraji akaitwa kupamba jalada. Ubao wa kale zaidi uliosalia ni wa mwaka 1258. Unamwonyesha mweka hazina wa wakati ule, mtawa aliyeitwa Ugo, wa monasteri ya San Galgano. Kwa miaka mingi kazi hiyo walipewa watawa mara kwa mara, na sababu yake si ngumu kuitambua: mtawa hana mwana wa kumjengea nyumba, wala hana ukoo wa kuupendelea katika mji ambao koo zake kubwa zilikuwa zikigombana kila siku. Majalada mengi yalibeba pia alama za koo za wale wasimamizi wanne, hata asiyejua kusoma aliweza kutambua hesabu za miezi ile zilikuwa mikononi mwa nani.

Baadaye wachoraji wakaanza kuweka juu ya mbao hizo mambo yaliyoupata mji. Ubao wa mwaka 1467 unaonyesha wakati wa tetemeko la ardhi, watu wakiwa wamehamia kwenye mahema nje ya kuta, na Bikira Maria akiulinda mji kutoka juu. Ubao wa mwaka uliofuata unaonyesha fedha za umma katika hali mbili: upande mmoja wakati wa amani, upande mwingine wakati wa vita, askari wa kukodiwa wakipokea malipo yao. Hakuna haja ya maelezo marefu hapo. Kila aliyepata kushika daftari ataelewa kwa kutazama mara moja.

Siena umejengwa juu ya vilima vitatu, na vilima hivyo hukutana katika uwanja wa Campo. Uwanja huo umeinama kidogo kuelekea upande mmoja, una umbo la kombe la pwani, na sakafu yake ya matofali imegawanywa kwa mistari ya mawe kuwa vipande tisa. Tisa hiyo ni kumbukumbu ya Wakuu Tisa waliotawala kuanzia mwaka 1287 hadi 1355. Hao nao walikuwa watu wa zamu, na zamu yao ilikuwa miezi miwili tu. Katika muda huo walikula na kulala ndani ya jumba la mji. Isidhaniwe kwamba ulikuwa utawala wa watu wote. Wakuu Tisa walitoka miongoni mwa wafanya biashara wenye mali. Makabaila wakubwa walizuiwa, na mafundi wadogo hawakukaribishwa. Lakini hata hivyo, wakati wao ndipo mji ulipopata sehemu kubwa ya sura yake ya leo.

Jambo moja walilolifanya lastahili kukumbukwa na kila chama chenye katiba. Mwaka 1309 iliamriwa kwamba sheria zote za mji, zilizokuwa kwa Kilatini, ziandikwe kwa lugha ya wananchi, kwa herufi kubwa zinazosomeka vyema. Nakala hiyo iwekwe katika ofisi ya Biccherna, ili watu maskini na wote wasiojua Kilatini waweze kuiona na kunakili wanachokitaka. Mwandishi wa serikali Ranieri Ghezzi Gangalandi aliikamilisha kazi hiyo mwaka 1310, na kitabu chake kipo hadi leo.

Kando ya jumba hilo umesimama Torre del Mangia, mnara wenye urefu unaokaribia meta 88, uliojengwa kati ya mwaka 1338 na 1348. Jina lake lina kisa cha kuchekesha. Mpiga kengele wa kwanza, Giovanni di Balduccio, alikuwa mtu wa kutapanya kila alichopata, hata watu wakampa jina la Mangiaguadagni, yaani Mla Faida. Mnara ukarithi jina la utani la mtumishi wake. Wajenzi wa mnara hawakumbukwi na watu wengi. Mla faida anakumbukwa na kila mtoto.

Ndani ya jumba, katika chumba walimofanyia mikutano Wakuu Tisa, Ambrogio Lorenzetti alichora kuta tatu mwaka 1338 na 1339. Wakuu waliokaa kuamua mambo ya mji hawakuweza kuinua macho pasipo kuziona picha hizo. Upande mmoja ameketi Haki na mizani yake. Kutoka kwenye sahani mbili za mizani zinashuka kamba mbili, nazo zinaunganishwa mkononi mwa Maelewano, mwanamke aliyepakata randa kubwa ya seremala, ya kusawazisha palipoinuka. Kutoka kwake kamba inapita mikononi mwa raia ishirini na wanne waliosimama kwa safu, hadi kumfikia mzee aliyevaa nguo nyeusi na nyeupe, rangi za Siena. Hawakufungwa kwa kamba ile, wameishika wenyewe.

Katika ukuta wa pili inaonekana faida ya utawala mwema. Mafundi wako juu ya paa wakijenga, mwalimu anafundisha, viatu vinauzwa, watu wanacheza ngoma barabarani. Nje ya lango la mji wakulima wanavuna na kupura nafaka, punda wamebeba mizigo kuelekea sokoni, na mtu mmoja anaswaga nguruwe mwenye mkanda mweupe, wa aina inayofugwa Toscana hata sasa. Ni moja ya picha za kwanza kubwa za Ulaya kuonyesha shamba na mji katika ukuta mmoja, kimoja kikikilisha kingine. Ukuta wa tatu ni wa utawala mbaya. Mtawala ana pembe, Uchoyo na Majivuno wanaruka juu ya kichwa chake, na Haki amefungwa kamba chini ya miguu yake. Katika mji huo kazi zote zimesimama isipokuwa ya mhunzi, naye anafua silaha.

Ipo kazi nyingine ambayo mgeni haioni kabisa, maana iko chini ya miguu yake. Siena hauna mto. Kwa hiyo wenyeji walichimba ardhini njia za maji zinazoitwa bottini, zenye urefu wa kilometa 25 hivi, ambamo maji huchuruzika yenyewe kwa mteremko hadi kwenye visima vya mji. Kisima cha Fontebranda kinatajwa katika hati za mwaka 1081. Maji ya visima vile yalitumiwa kwa utaratibu: birika la kwanza lilikuwa la kunywa watu, yaliyofurika yakaingia birika la wanyama, na yaliyobaki yakaenda kwa wafuaji na mafundi wa sufu na ngozi.

Mwaka 1339 mji uliamua kupanua kanisa kuu kiasi kwamba kanisa lililokuwapo lingekuwa mkono tu wa kanisa jipya. Kazi ikaanza. Mwaka 1348 ikaja tauni. Mwandishi wa habari za mji, Agnolo di Tura, aliacha maandishi kwamba aliwazika wanawe watano kwa mikono yake mwenyewe. Mchoraji Lorenzetti yaaminiwa naye alikufa katika maradhi hayo. Mji ulipoteza sehemu kubwa mno ya watu wake, na ujenzi ukasimama. Ukuta mkubwa wa mbele wa kanisa ambalo halikujengwa ungali umesimama peke yake, na kupitia madirisha yake huonekana mbingu. Hawakuubomoa wala hawakuumaliza.

Mwaka 1555, baada ya kuzingirwa na njaa kali, Siena ilisalimu amri mbele ya majeshi ya Hispania na Florence, na dola yake ikaisha. Lakini taasisi mbili zilivuka mauti hayo: benki na mitaa.

Benki ilianzishwa mwaka 1472 na serikali ya mji kwa jina la Monte Pio, ili maskini wapate mikopo kwa rehani badala ya kukamuliwa na wakopeshaji. Mwaka 1624 ikaongezewa nguvu kwa dhamana ya mapato ya malisho ya nchi ya Maremma, na kutoka katika malisho hayo likapatikana jina lake, Monte dei Paschi. Ndiyo benki kongwe kuliko zote duniani zinazoendelea na kazi. Mwaka 1995 hisa zake ziliwekwa chini ya mfuko wa mji, na kwa miaka kadhaa gawio lilimiminika Siena: chuo kikuu, hospitali, ukarabati wa majengo ya kale, vyote vilipata fungu.

Kisha, mwaka 2007, benki ilikubali kununua benki nyingine, Antonveneta, kwa yuro bilioni 9. Ununuzi ulikamilika mwaka 2008, mwaka ule ule ambao mabenki yalitikisika duniani kote. Hasara zikafuata. Mfuko wa mji haukutaka hisa zake zipungue, hivyo ukakopa ili kuzilinda. Mwishowe ulilazimika kuziuza. Klabu za mji za mpira wa miguu na za kikapu, zilizozoea kubebwa na udhamini wa benki, zilifilisika zote mbili mwaka 2014. Mwaka 2017 serikali ya Italia iliiokoa benki kwa kutoa zaidi ya yuro bilioni 5 na kutwaa sehemu kubwa ya hisa, ambazo ilianza kuziuza tena mwaka 2023. Mfuko uliokuwa na zaidi ya nusu ya benki ulibakiwa na chembe. Kilichokusanywa kwa zaidi ya miaka mia tano kilitoka mikononi mwa wenyeji katika muda usiozidi miaka kumi.

Mitaa haikutoka mikononi mwao. Iko kumi na saba, kila mmoja ukiitwa contrada, na mipaka yake iliwekwa mwaka 1729 na gavana Violante wa Bavaria. Kila mtaa una alama yake: Kobe, Konokono, Bundi, Nungunungu, Wimbi, Msitu na wengineo. Mtaa wa Mnara una tembo katika bendera yake, na upo hata mtaa wa Twiga, ijapokuwa mnyama huyo hajapata kulisha katika vilima vile. Mtaa wa Kiwavi unakumbuka kwamba mwaka 1371 wafuma sufu wake waliinuka wakidai haki zao. Mtoto hubatizwa kanisani, kisha huletwa kwenye kisima cha mtaa wake akafanywa mwana wa mtaa. Kila mtaa una ukumbi, kanisa dogo, makumbusho na viongozi wa kuchaguliwa. Yupo mkuu, yupo katibu, na mweka hazina bado anaitwa camarlengo, kama yule mtawa wa mwaka 1258.

Tarehe 2 Julai na 16 Agosti mitaa hiyo hushindana katika mbio za farasi zinazoitwa Palio. Udongo humwagwa juu ya mawe ya Campo, na mitaa kumi hukimbia kwa zamu na kwa kura. Farasi nao hugawiwa kwa kura, ili tajiri asijinunulie aliye bora. Wapandaji hawana tandiko. Uwanja huzungukwa mara tatu, na mambo yote huchukua dakika moja na nusu hivi. Farasi aliyemwangusha mpandaji wake akifika wa kwanza, mtaa wake umeshinda. Wapo wanaozilaumu mbio hizo kwa ajili ya farasi wanaoumia kwenye kona kali, na lawama hiyo haikosi msingi. Mtaa uliokaa muda mrefu kuliko yote bila ushindi huitwa Bibi, na jina hilo hakuna anayelitaka. Mwaka 2020 na 2021 mbio hazikufanyika kwa sababu ya maradhi ya korona. Machi 2020, barabara zikiwa tupu, wenyeji waliimba wimbo wa mji kutoka madirishani usiku.

Zawadi ya mshindi ni kitambaa cha hariri kilichochorwa, basi. Fedha hazitolewi. Kinyume chake, ni mshindi anayelipa: mpandaji wake, na mitaa mingine ambayo waliwekeana nayo ahadi za siri kabla ya mbio. Msimu wa kiangazi ukiisha, mtaa ulioshinda hupanga meza ndefu barabarani kwa karamu, na farasi huletwa kama mgeni wa heshima, akapewa chakula chake mahali pa mbele. Wanachama huimba hadi usiku wa manane. Camarlengo naye ana orodha ya malipo mfukoni, na michango ya kuyalipa itakusanywa nyumba kwa nyumba.