Taa za Krismasi za Kuunga Nyumbani

Msikilizaji, msimu huu vijana wengi mitaani wanaunga wenyewe taa za mapambo. Ni ufundi ninaoupenda: vitaa vya LED, waya, pasi ya kulehemu, na jioni moja kibaraza kinameremeta. Kinachonitia hofu ni mtindo mmoja: vitaa vinaunganishwa kwa mfululizo, inawekwa kapasita, kisha waya unachomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Kitaa cheupe kimoja hutumia takriban volti 3, ndiyo maana mtu hudhani hakiwezi kumdhuru. Lakini soketi zetu zina volti 230, Kenya 240, na kapasita hupunguza mkondo wa vitaa tu. Haitengi waya na umeme wa ukutani. Mtoto akigusa kiungo kilicho wazi, miguu peku kwenye sakafu yenye unyevu, umeme hupita mwilini mwake kwenda ardhini. Vitaa vinaweza kuwa vimezima kabisa na hatari ikabaki pale pale.

Tumia chaja ya simu ya kuaminika, ya volti 5. Funga vitaa vyeupe sambamba, kila kimoja na rezista yake ya omu 100. Kila kiungo kifunikwe kwa tepu ya umeme. Chaja ibaki ndani, pakavu, kwa maana mvua za vuli mara nyingi hutukuta na Krismasi, na ni huko barazani taa hizi huning'inizwa.