Kuku na Jivu la Plastiki



Leo tunaongea juu ya mayai. Kuku wa kienyeji hula anachochakura. Tukichoma plastiki nyuma ya nyumba, hasa mabomba na nyaya za umeme, jivu hubaki na sumu iitwayo dayoksini. Sumu hii hukaa udongoni miaka mingi. Kuku akiidonoa, huingia katika mafuta ya mwili wake, halafu kwenye kiini cha yai. Haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi.

Tusidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2005 yalipimwa mayai ya kuku waliochakura karibu na jaa la taka la Dandora, Nairobi. Dayoksini ilizidi mara kadhaa kiwango kilichowekwa na Umoja wa Ulaya.

Sasa mtatuuliza: sisi tutapimaje? Kweli, kipimo hiki kinataka maabara maalum, tena ni ghali sana. Lakini mahali pa kuchomea taka kila boma linapajua. Basi tuanzie hapo. Tusichome plastiki wala matairi. Pale palipochomwa zamani tuzungushie ua, kuku wasifike. Oili ya transfoma kuukuu isipakwe kwenye mbao za banda, kwa maana nyingine ina sumu ya jamii hiyo hiyo.

Yai ndilo tunalompa mtoto anayeachishwa ziwa. Kabla ya kuliokota, tujue kuku amechakura wapi.